Kidonge Atoka Shimoni

Huu ulikuwa mwaka wa saba Kidonge ana miaka saba.

Nyumbani alikuwa na kumi na mitatu. Shuleni kumi na mitatu. Fundi viatu alikwisha mwambia mama yake waziwazi kwamba miguu ile haina tena habari na viatu vya watoto. Lakini kila alipovuka geti la ghala la mbao ambako mjomba wake alipigia filamu, alivuliwa miaka yote ya ziada kama mtu anayeacha kandambili mlangoni, akaingia ndani na saba tu.

Filamu zenyewe zilijulikana kila mtaa. Ya kwanza iliitwa Sitakua. Ya pili ikaitwa Sitakua Tena, jina ambalo ukilifikiria sana kichwa kinaanza kuuma. Kufika ya tatu mjomba alikuwa ameishiwa, akaiita Sitakua, Nimesema. Hadithi ilikuwa ileile. Baba anayemlea binti yake peke yake anasafiri kutafuta kazi, anarudi amechoka, anamsimamisha mtoto kwenye fremu ya mlango na kumpima kimo kwa kipande cha mkaa. Analia, maana anaogopa siku moja mtoto atakua amwache. Mvua inanyesha. Mtoto anamshika mkono, anasema kwa sauti ya kutokea puani: "Baba, usilie. Mimi sitakua. Nitabaki mdogo wako."

Hapo watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wanapapasa mifuko kutafuta leso.

Mwanzoni Kidonge aliyapenda maneno yale. Alikuwa mdogo kwelikweli, mdogo hata kwa umri wake, ndiyo sababu ya jina. Alikuwa akiyasema, watu wanampigia makofi, mjomba anambeba mabegani. Nani asingependa? Tatizo ni kwamba watu waliyapenda kumzidi. Akiinua mkono darasani, sauti inatoka nyuma: "Sitakua ana swali!" Akienda dukani kununua chumvi, mwenye duka anaweka pakiti juu ya kaunta, anajishika moyo na kulegeza macho: "Baba, usilie!" Na Kidonge anatoka pale na chumvi yake, masikio yanamwaka moto.

Basi mwili wake ukafanya kile ambacho yeye hakuthubutu. Ukakataa muswada. Likizo moja tu miguu ilirefuka kama imepigiwa simu kwamba inachelewa.

Mjomba hakushtuka. Alikuwa mtu wa kupata dawa ya kila kitu isipokuwa ya kichwa chake mwenyewe. Alimwita seremala, meza ikarefushwa miguu, kiti kikapanuliwa, na kikombe cha chai kikatafutwa cha ukubwa wa sufuria, ili mtoto akikishika aonekane kiduchu. Jino la mbele la Kidonge lilipakwa nta nyeusi lionekane limeng'oka. Baba wa kwenye filamu, mwigizaji mfupi mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, akaanza kupandishwa juu ya kreti za soda, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Kreti. Alishaanguka mara kadhaa, tena katikati ya maneno ya huzuni.

Na pale kwenye fremu ya mlango, ile fremu maarufu yenye alama za mkaa, lilichimbwa shimo.

Shimo la kina cha mapaja. Kidonge alikuwa anaingia humo, mbele yake wanapanga ndoo na kapu ili kamera isione, kisha anasimama kichwa chake kikiwa kimefika palepale alama za zamani zilipo. Alama zote zilikuwa zimebanana sehemu moja, unaweza kuzifunika kwa kiganja. Ukiziangalia utadhani ni mtoto aliyepandwa kwenye mawe.

*

Siku ya kupiga onyesho la mwisho la filamu ya nne, Kidonge alisimama juu ya stuli kwenye chumba cha mavazi. Chumba kilikuwa kona ya ghala iliyozungushiwa shuka, na mlikuwa na cherehani moja, kioo kilichopasuka, na mama yake, ambaye ndiye aliyeshona nguo zote za filamu zote. Mama alikuwa amepiga magoti, pini zimemjaa mdomoni.

"Mama, leo siyasemi yale maneno."

"Mmh," alisema mama, kwa sababu ya pini.

"Nasema kweli. Nitaingia shimoni, nitalia wakitaka, lakini hayo siyasemi. Kila mtu ananiita Sitakua. Nikishayasema tena leo, na sehemu ya tano ipo, na ya sita. Nitaolewa nikiwa shimoni."

Mama alitoa pini moja, akaichoma kwenye pindo. "Umemwambia mjomba wako?"

"Namwambia sasa hivi."

"Basi teremka. Usimwambie ukiwa juu ya stuli, atadhani unamwonyesha dharau."

Mjomba alikuwa nje, uani, anazozana na mvua. Mvua yake ilikuwa lori la maji lililoegeshwa nyuma ya kuta za mbao, dereva wake ameketi kwenye ngazi ya mlango, mpira mrefu umelala miguuni pake. Lori lilikuwa na tangi moja tu, na dereva alikwisha sema kwamba maji yakiisha yeye anaenda, ana kwingine anakosubiriwa.

"Sikilizeni wote!" Mjomba alipaza sauti. "Maji ni ya mara moja. Mara mo-ja! Mnakumbuka filamu iliyopita, fundi mmoja hapa, simtaji, alizima kamera kwa sababu eti nimepiga chafya, akadhani nimesema kata. Mvua ikamwagika bure." Alimtazama mpiga picha. Mpiga picha alitazama viatu vyake. "Leo kamera haizimwi mpaka tone la mwisho. Hata nikianguka nikafa hapa, mnirukie, kamera iendelee. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Dairekta," alisema mpiga picha.

"Hata nikikuomba mimi mwenyewe!"

"Hata ukiniomba."

Kidonge akamvuta shati. "Mjomba."

"Naam, nyota yangu! Jino liko wapi? Mbona linameta? Mpakeni nta huyu!"

"Mjomba, leo sisemi 'sitakua'."

Mzee Kreti, aliyekuwa amebeba kreti zake mbili kama mtu anayehama, akazitua chini polepole.

Mjomba alicheka. Ndivyo alivyokuwa akianza siku zote. "Umechoka. Mletee soda."

"Sijachoka. Nimekua."

"Hilo nani hajui? Kwani lile shimo nilimchimbia nani, mbuzi?" Wafanyakazi wakacheka, na mjomba akapata nguvu. "Mwanangu, hapa si suala la wewe kukua. Watu wananunua tiketi waje wamwone yule mdogo. Yule ndiye wanayempenda. Huyu..." Alimpima Kidonge kwa macho, kutoka vidole vya miguu mpaka utosini, na safari ikawa ndefu. "Huyu hawajamzoea."

"Watanizoeaje kama nipo shimoni?"

"Mara ya mwisho. Naapa."

"Ulisema hivyo sehemu ya tatu."

"Ya tatu nilikuwa natania."

Hapo mama alitokea nyuma ya shuka, sindano imechomekwa kifuani kwenye blauzi. Alikuwa mkubwa kwa mjomba, alimlea, na mbele yake dairekta hupungua kimo bila shimo lolote.

"Wewe," alisema mama. "Unakumbuka viatu vya baba?"

"Dada, tuko kazini."

"Nakuuliza tu. Nani alikuwa anavivaa, amevijaza magazeti mbele, anatembea mtaa mzima kwa-kwa-kwa, akiulizwa ana miaka mingapi anasema kumi na minane? Ulikuwa na tisa. Uliteguka kifundo cha mguu, nikakubeba mgongoni, njia nzima unanipigia kelele nikushushe, watu wasikuone umebebwa."

Dereva wa lori aliangua kicheko. Mpiga picha alijitia kufuta lenzi.

"Dada, usinivunjie heshima mbele ya watu wangu."

"Sijavunja kitu. Ulitaka kukua, ukakua, hakuna aliyekuzuia. Ndiyo hayo tu."

Mjomba alivuta pumzi. Kicheko kilikuwa kimemwisha, na sauti iliyobaki ilikuwa ya chini, ambayo Kidonge aliiogopa kuliko ile ya juu. "Haya. Mimi nimekuta maneno yameandikwa. Mwigizaji anasema yaliyoandikwa. Asiyetaka kusema, nje geti lile, na akitoka asirudi kuniita mjomba. Ingia shimoni."

Kidonge alilitazama geti. Alimpenda mjomba wake, hiyo ndiyo shida yenyewe. Mgeni ungemwambia asante kwaheri ukaondoka zako. Mjomba aliyekufundisha kuendesha baiskeli huwezi kumtupa hivihivi, na yeye anajua, na ndiyo maana anatupa maneno makubwa.

Akaenda. Akaingia shimoni.

*

Udongo wa shimoni ulikuwa wa baridi. Wakampangia ndoo na kapu. Wakampaka nta. Mama akaja na uzi na sindano, akapiga magoti ukingoni kama anayemrekebishia kola, mdomo karibu na sikio.

"Nguo hii nimeikata kwa kimo chako," alinong'ona. "Kimo chako chenyewe. Kilichozidi nimekikunjia ndani, nimekishika kwa bandi tu, mshono wa kupita. Unauona huu uzi mweupe kiunoni? Ukiuvuta, pindo linashuka. Mgongoni nako ukinyoosha mabega patafunguka penyewe, pana kitambaa cha kutosha, hutabaki uchi."

Kidonge alimgeukia, macho yamemtoka pima. "Mama!"

"Mimi sijasema ufanye kitu. Fundi anamwonyesha mteja uzi ulipo." Akakata uzi wake kwa meno, akainuka, akapangusa magoti.

"Tayari!" Mjomba aliinua mkono. "Kamera!"

"Inaenda."

"Mvua!"

Dereva akafungua mpira kuelekea juu, na maji yakaanguka kwenye bati la kibaraza kwa kishindo, kama gari la kokoto linamwaga. Ndani ya muda mfupi hapakuwa na mtu anayemsikia mwenzake isipokuwa awe usoni kwake. Mzee Kreti aliingia kwa mlango, mzigo begani, akapanda kreti zake zilizofichwa nyuma ya gunia, akayumba, akasimama. Akautua mzigo. Akatoa mkaa.

"Mwanangu!" Sauti yake ilipenya mvua. "Njoo nikupime."

Kidonge alikuwa amekwisha fika, angeenda wapi? Alibana mgongo kwenye fremu. Mkaa ukapita juu ya kichwa chake, palepale kwenye zile alama zilizobanana.

"Mbona hukui, mwanangu?" Mzee Kreti alisema, na mdomo ukaanza kumtetemeka kama alivyolipwa utetemeke. Sasa ilikuwa zamu ya yale maneno.

Maji yalikuwa yameanza kushuka shimoni. Yalitoka kwenye bati, yakafuata mteremko, yakapita chini ya kapu, yakaingia kwa furaha. Hakuna aliyewaza, siku wanachimba, kwamba shimo na mvua vitakutana. Yakafika kwenye vifundo vya miguu. Yakapanda. Udongo ukageuka uji, nyayo zikaanza kuzama, na Kidonge akahisi anashuka. Alikuwa ana miaka saba, anaelekea sita.

Upande wa kamera mjomba alikuwa anamkodolea, midomo yake inamsemea bila sauti: Baba, usilie. Baba, usilie. Kisha akafanya kwa mikono: Sema!

Kidonge aliingiza kidole kiunoni, akapata uzi mweupe, akauvuta.

Ulitoka mrefu, laini, bila ubishi, kama ulikuwa unangoja kuitwa. Akaweka viganja vyote viwili kwenye ukingo, akapandisha goti moja, likateleza, akapandisha tena. Ndoo ikabiringika. Alipotoka mguu wa pili, tope lilimwachia kwa mlio ambao si wa heshima. Akasimama. Akanyoosha mabega, mgongo wa nguo ukasema trrr, na pindo likaanguka kunja kwa kunja, likapita magoti, likatua pale pindo la msichana wa umri wake linapotua.

"Kataaa!" Mjomba alipiga kelele.

Mpiga picha alimsikia, alikuwa kando yake kabisa. Alikumbuka pia alivyoapishwa. Aliinua kamera taratibu, juu, juu zaidi, kumfuata Kidonge usoni.

"Zima hiyo kitu! Nakuomba!"

"Ulisema hata ukiniomba, Dairekta."

Mjomba alikimbia hatua chache mbele, akasimama ghafla ukingoni mwa picha, mguu mmoja hewani. Hata katika ghadhabu ile hakuweza kuingia kwenye picha yake mwenyewe. Alibaki pale anarukaruka kama mtu anayetafuta choo.

Kidonge alipeleka kidole kinywani, akabandua nta, akaitema. Aliongea kwa sauti yake, ile ya kifuani. Ya puani aliiacha humo shimoni.

"Nimekua, Baba. Hebu tazama vizuri."

Mzee Kreti alimtazama. Alikuwa juu ya kreti mbili, na bado macho yao yalikuwa sawa. Maji yalimtiririka usoni, poda ikimwingia machoni. Miaka yote ile hakuwahi kusema neno lisiloandikwa, na kila aliyemjua angeapa kwamba hana.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza nishuke."

Akashuka kreti ya kwanza. Akashuka ya pili. Alipokanyaga chini, kipaji chake cha uso kilikuwa usawa wa kidevu cha Kidonge. Aliinua macho, kwa hatua, kama mtu anayesoma bango refu.

"Nilikuwa safarini muda wote huo?" aliuliza.

"Ulikuwepo. Ulikuwa unapima chini."

"Na sasa unaondoka?"

"Nani kasema? Nimekua tu, Baba. Kukua ni kwingine na kuondoka ni kwingine. Pima."

Ikabidi asimame kwa ncha za vidole. Mdomo ulimtetemeka, safari hii bila malipo, na mkaa ukapiga mstari juu ya utosi wa Kidonge, mkono mzima kutoka pale alama nyingine zilipobanana. Mbao ikabaki na nafasi kubwa nyeupe katikati. Kisha mpira ukakohoa, ukatema matone, ukanyamaza.

*

"Umeniua," mjomba alisema. Alikuwa ameketi juu ya kreti iliyoachwa, suruali imelowa. "Umeniua na sanda umenishonea, dada yangu kashika sindano. Lakini sijafa kijinga. Nitachukua mwisho wa sehemu ya pili, nitaubandika hapa. Machozi yaleyale, mvua ileile. Mtu hatajua."

"Sehemu ya pili nguo ilikuwa ya maua," alisema mama. "Hii ni ya mistari."

"Na Mzee Kreti wakati ule alikuwa na nywele," alisema Kidonge.

"Nyingi tu," alisema Mzee Kreti kwa majonzi.

"Basi kesho turudie! Nitatafuta lori."

"Kesho nina shule. Na hata keshokutwa, Mjomba, siyasemi. Unaweza kuleta bahari." Sauti ilimtetemeka kidogo, akaiacha itetemeke. "Ukitaka nisikuite mjomba, sema, nijue. Lakini shimoni sirudi."

Mjomba alifungua mdomo. Kabla hajapata la kuweka humo, dereva wa lori alitokea nyuma ya ukuta, anakunja mpira begani.

"Samahani, jamani. Kule nyuma kelele nyingi, sikusikia vizuri. Yule mtoto mwishowe alikua au hakukua?"

Wote wakamtazama mjomba. Mjomba akatazama tope.

"Nimekua," alisema Kidonge.

"Afadhali." Dereva akatikisa kichwa. "Mke wangu anazo zote tatu, ananilazimisha. Kila nikiangalia nasema huyu mtoto apelekwe hospitali."

Mpiga picha alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta, kwa kuwa ulikuwa wa mbao nyembamba, nusura uanguke. Mjomba hakucheka. Lakini hakusema ile habari ya geti tena, na hakusema asiitwe mjomba.

Kidonge hakungoja zaidi. Koleo lilikuwa limeegemea pale pale tangu siku ya kuchimba. Alikunja pindo lake jipya, akalifunga fundo, akachota udongo uliorundikwa nyuma ya ukuta, akautupa shimoni. Tope likaruka mpaka kwenye shati la mjomba.

"Unafanya nini wewe? Hilo shimo la sehemu ya tano!"

"Najua."

Akatupa la pili. Mama alipandisha mikono ya blauzi, akaanza kusukuma udongo kwa mguu. Mzee Kreti alitafakari kidogo, akainyanyua ile kreti iliyokuwa huru, akaitumbukiza humo kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayezika adui yake.

"Kreti hiyo ni ya kurudisha dukani!" Mjomba alisimama, akakumbuka kwamba ile aliyokuwa ameikalia ndiyo ya pili, akaikalia tena upesi, akaishika kwa mikono yote.

Shimo lilijaa. Kidonge alipanda juu yake na kukanyaga, mguu huu, mguu ule. Udongo ukashuka kidogo chini yake. Akateremka, akachota koleo jingine, akaongeza.